Nyanya za Mwadui

Mama yangu alikuwa na njaa, na chakula kilikuwepo. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia mgonjwa amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni huanza kunong'ona mambo ya umaskini, na maneno hayo yananipandisha hasira. Mimi nauza chakula. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya machimbo, upande huu wa Geita, na kila siku ya Mungu napika wali wa Kahama, maharage, dagaa na nyama ya mchuzi kwa wanaume wanaotoka mashimoni na njaa ya kula sahani na kijiko chake. Nyumba yetu iko nyuma ya kibanda. Harufu ya vitunguu ilikuwa inaingia chumbani kwa mama tangu asubuhi. Anaisikia, anameza mate, na mate yenyewe hayashuki.

Ilikuwa saratani ya koo. Hospitali walitueleza vizuri, sina ugomvi nao. Walisema njia ya chakula imebana, ugonjwa umeshasambaa, na mwili wake hauwezi tena kuhimili kisu. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti ya upole, akanivuta pembeni na kuniambia nimrudishe nyumbani nimpe chochote anachotamani, ilimradi kipite. Nikamshukuru. Kwenye basi la kurudi mama alinilalia mapajani njia nzima, na mimi nikawa nawaza kitu kimoja tu, kitapita nini.

Mwanzoni ulipita uji. Baadaye uji wa kuchuja kwa kitambaa. Baadaye maziwa kwa kijiko, na maziwa nayo yakaanza kurudi kupitia puani, anakohoa mpaka macho yanamtoka, halafu ananiangalia kwa aibu kama yeye ndiye aliyekosea. Aibu hiyo ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Nilikuwa natoka pale naenda kuwatukana wateja jikoni bure, mtu kaomba pilipili tu namjibu utadhani kaniibia. Wakazoea. Wakawa wananiomba pilipili kwa ishara.

Halafu asubuhi moja, kabla sijawasha moto, mama akaniambia kwa Kisukuma kwamba anataka nyanya za Mwadui. Nilisimama pale mlangoni na ndoo mkononi nikahisi machozi yanakuja, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali yeye kutaka kitu kwa jina lake.

Nyanya za Mwadui si nyanya. Baba yangu, marehemu sasa, alikuwa mtunza bustani kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, katika nyumba za wakubwa. Nyuma ya nyumba mojawapo kulikuwa na mti ambao hata wapishi hawakujua umetoka wapi. Unazaa matunda ya rangi ya chungwa, ya mviringo, yenye kofia ya majani manne makavu juu yake. Kwa mbali ni nyanya kabisa, ila ziko mtini. Baba alichimba chipukizi lililotoka kwenye mzizi, akaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akalisafirisha hadi kwetu Ushetu limefungwa kwenye gunia bichi. Wenyeji walimcheka sana. Wenzake wanalima tumbaku, yeye anamwagilia nyanya ya mti. Kwenye vitabu tunda hilo huitwa persimoni, jina nililokuja kulijua ukubwani kwa kutafuta kwenye simu. Kwetu ni nyanya ya Mwadui na litabaki hivyo.

Lina tabia yake, na asiyeijua litamuumbua. Likiwa gumu lina ukakasi wa ajabu. Ung'ate mara moja tu, ulimi unakauka, mashavu yanavutana, unatema na kutema na bado mdomo umejaa unga usioonekana. Wezi wa matunda pale kijijini walikuja mara moja kila mmoja, hawakurudi. Kwa hiyo mti wetu haukuhitaji uzio. Ni sisi watoto wa nyumba ile tu tuliojua kwamba unasubiri. Mvua zinaisha, majani yanageuka mekundu na kupukutika, mti unabaki mtupu na matunda yake, na bado unasubiri. Mama alikuwa akiyachuma na kikonyo chake, anayavundika kwenye chungu chenye pumba za mpunga pamoja na ndizi mbivu, anafunika. Hakuna kugusa. Siku akifunua, tunda limekuwa tepetepe, ngozi nyembamba imetanda juu ya kitu laini kinachotikisika. Tulikaa kizingitini, kila mtu na lake, tunatoboa tundu dogo na kufyonza. Hakuna kutafuna. Linateleza lenyewe, tamu, baridi kidogo, na mama anatuangalia tunavyopakaa mashavu na kusema tuache kunyonya mpaka maganda. Sijawahi kula kitu kingine kinachoshuka kirahisi namna ile. Mama alijua hivyo vilevile, ndiyo maana alilitaka.

Hata mimi nilikuwa na mti kama huo nyuma ya jiko langu, na aliupanda yeye. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kunihudumia kutoka Ushetu, akapanda basi Kahama na chipukizi limesimama kwenye kopo la rangi mapajani mwake. Kondakta alitaka kuliweka buti, wakazozana hadi abiria wakaingilia. Alipofika hata hakumwangalia mtoto kwanza. Aliomba jembe. Nilinuna siku mbili kwa jambo hilo. Mti ukakua pole pole, kwa madaha yake, mpaka nikakata tamaa kwamba udongo wa huku wenye mawe hauutaki, ndipo ukaanza kuzaa.

Sasa nimtaje mume wangu, na hapa ni lazima nieleze jambo la mkwe. Kwetu mwanamume hamzoei mama mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anatafuta kichaka. Si chuki, ni heshima ya hali ya juu kabisa. Vijana wa siku hizi wengi wameiacha, lakini mume wangu na mama yangu walikuwa wa dini moja katika jambo hilo. Kwa hiyo mama alipoletwa kwetu mgonjwa, mume wangu alibomoa ukuta wa stoo akaweka mlango wa nje, ili mkwe wake aingie na kutoka bila kupita sebuleni. Mama akitaka kwenda chooni anakohoa, mume wangu anatokea upande wa pili. Salamu walipelekeana kupitia kwangu. Mwambie mkwe mwangaluka. Mwambie mkwe nimeitikia. Wametenganishwa na ukuta wa tofali moja, na mimi nasimama katikati kama mnara wa simu.

Mume wangu anafanya kazi mwaloni, pale mawe yanaposagwa kwenye mashine ya karasha na mchanga wake kuoshwa ili dhahabu ibaki. Ni mtu mkimya. Mimi nasema kwa niaba yetu sote wawili. Mwaka ule mvua ilikata mapema, mwanzoni kabisa mwa mwaka, wakati mti ulikuwa umeshika matunda mengi kuliko wakati mwingine wowote. Jua likawaka wiki na wiki. Matunda yakaanza kudondoka yakiwa madogo kama gololi. Mama alikuwa bado anaweza kukaa nje kwenye mkeka, na nilimwona anayaokota na kuyaweka kwenye upindo wa kanga bila kusema kitu. Maji ya kupikia nilikuwa nanunua kwa mwenye mkokoteni, na hayakutosha hata kuosha vyombo vyema. Nikamwambia mume wangu kwamba mti unakufa na mama anauona ukifa.

Tangu siku hiyo akawa anarudi kutoka kazini na madumu yamefungwa kwenye pikipiki, anazunguka nyuma mama akiwa ndani, anamwaga maji kwenye shina taratibu, dumu moja, dumu jingine. Maji ya kijivu, mazito kidogo. Nilidhani ni ya bwawa la ng'ombe. Mama alisikia mlio wa maji kupitia dirishani na akaniuliza ni nani, nikamwambia ni mkwe wako, akasema nimwambie mkwe amefanya vyema. Nikapeleka. Mume wangu aliinama akatabasamu kwa viatu vyake. Sidhani kama nimewahi kumpenda zaidi ya hapo, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Mti ukapona. Matunda yaliyobaki yakanenepa. Na mama akazidi kwenda chini, mpaka asubuhi ile niliyoieleza, alipoyataja.

Balaa ni kwamba yalikuwa hayajaiva. Yalikuwa yameanza kupiga rangi, lakini magumu kama mpira wa mbao, na majani yote bado yako mtini. Nilimweleza. Alikuwa anajua kuliko mimi, ni yeye aliyenifundisha kusubiri. Lakini njaa ya mgonjwa haina adabu. Alisema nimletee hivyo hivyo, nikakataa, akageukia ukutani. Mama yangu aliyekuwa akinichapa kwa kugusa chungu kabla ya wakati alikuwa analia kwa ajili ya tunda bichi. Nikachuma moja, nikalitwanga kwenye kinu, nikachuja, nikaweka asali, nikampa nusu kijiko. Ukakasi ukamkaba pale pale. Alifumba mdomo, akafumbua, ulimi umekauka, hana hata mate ya kutemea. Nilimsafisha kinywa kwa kitambaa chenye maji kwa muda mrefu. Baadaye alisema kwa sauti ndogo kwamba sasa amekumbuka.

Tangu hapo ikawa mbio baina ya mambo mawili, mama na matunda. Nilichuma yaliyokomaa zaidi nikayavundika kama alivyokuwa akivundika yeye, pumba nikaziomba kwenye mashine ya kukobolea mpunga, ndizi mbivu nikanunua za kupita kiasi. Nikaweka chungu chini ya kitanda chake, kwa sababu alitaka kiwe hapo. Kila nikiamka nafunua, nabonyeza kwa kidole gumba, nafunika. Yeye ananiangalia usoni apate jibu. Nikawa najifunza kuficha uso. Siku nyingine alikuwa anapata maji kijiko tu na kuyarudisha, siku nyingine hata hicho alikataa, na mimi najikuta nayaombea matunda kanisani kwa sauti, mpaka aliyekaa karibu yangu akageuka kunitazama. Wacha ageuke. Nilikuwa namwambia Mungu kwamba sitaki muujiza, najua umeshakataa, nataka tu hili tunda lilainike mtu wangu akiwa bado ana pumzi.

Wageni nao. Jamani, wageni wa mgonjwa. Huyu kaleta dawa ya mizizi, yule kaota ndoto, mwingine kaja kukaa tu na kusema mama alivyokuwa mnene zamani, na wote wanauliza kwa nini simpi supu. Shangazi mmoja akaniambia labda simlazimishi vya kutosha. Nilimkabidhi kijiko nikamwambia lazimisha wewe. Alijaribu, mama akapaliwa, shangazi akalia, akaondoka na basi la mchana. Sikumsindikiza.

Kisha siku moja, baada ya chakula cha mchana, nilifunua chungu nikakuta yameiva. Si moja, karibu yote. Nililigusa la juu na kidole kikazama. Nilipiga magoti pale sakafuni nikacheka kwa sauti, na mama kitandani akafumbua macho akaelewa. Alinyoosha mkono. Nikamwambia asubiri nilete bakuli safi na kijiko kidogo cha chai. Nilikimbia jikoni. Niliacha wateja wamekaa. Nikamenya ngozi, nikapondaponda ile nyama laini mpaka ikawa kama uji mwekundu, hakuna hata uzi. Nikasema leo mama yangu anakula.

Mume wangu alikuwa ameingia wakati huo kutoka mwaloni, bado na matope ya kazi miguuni. Aliangalia bakuli. Akauliza ni nini, ingawa aliona maganda. Nikamwambia kwa furaha kwamba yameiva, kwamba maji yake yamefanya kazi. Akasimama kati yangu na mlango.

"Usimpe," alisema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilitaka kumpita, akaniwekea mkono. Ndipo akasema, kwa maneno machache na taratibu, kama anavyosema kila kitu. Maji yale hayakuwa ya bwawa. Yalikuwa ya mwaloni kwao, yale wanayooshea mchanga, yanayozunguka humo humo na zebaki yake, kwa sababu kila wanapokamata dhahabu wanaikamata kwa zebaki. Wenzake wote humwagilia migomba kwa maji hayo. Migomba inayozunguka mwalo wetu inastawi kuliko yoyote. Hakuwaza. Mti si mtu, alisema. Wiki hiyo walikuwa wamekuja watu wa afya na kipaza sauti, wakasema maji yale yasiguse mboga wala matunda, wakaeleza habari za mikono inayotetemeka na watoto wanaozaliwa na kasoro. Mume wangu ana rafiki ambaye mkono wake hauwezi tena kushika kikombe. Tangu siku ya kipaza sauti alikuwa akitafuta namna ya kuniambia, na kila jioni ananikuta nimeinamia chungu.

Sijui kama zebaki inapanda kutoka mzizini mpaka kwenye tunda. Huenda wataalamu wanajua. Pale jikoni hatukuwa na mtaalamu, tulikuwa na bakuli. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika. Nilimwuliza kama katika mji mzima wenye visima na mabwawa amekosa maji mengine, nikamwambia amenichukulia kitu kimoja nilichobaki nacho, nikamwambia kama ni heshima ya mkwe basi hii ni heshima gani, kumtilia sumu. Nilipiga kelele. Wateja waliacha kula. Yeye alisimama tu ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea miguuni penye matope, hajitetei hata kidogo, na hilo likazidi kunitia wazimu kwa sababu nilitaka mtu wa kugombana naye.

Nyumba yetu haina dari. Sauti inapita juu ya ukuta kama hakuna ukuta. Niliponyamaza kuvuta pumzi nikamsikia mama ananiita.

Niliingia na bakuli mkononi kwa sababu sikujua pa kuliweka. Alikuwa amejivuta kidogo kwenye mto. Alisema nimfunike vizuri kwa kanga, nimfunge na kitambaa kichwani. Nikafanya hivyo. Kisha akasema nimwite mkwe wake.

Nilimwambia mama, haiwezekani, yeye haji humu. Akarudia. Nikaenda mlangoni nikamwambia mume wangu anaitwa. Alitikisa kichwa. Nikamwambia mgonjwa anakuita, utamkatalia mgonjwa? Alinawa miguu na mikono kwenye beseni, akavua kofia, akaja akasimama nje ya mlango ule alioutoboa mwenyewe, amempa mama mgongo. Ndivyo inavyotakiwa. Mama akamwambia aingie. Aliingia kinyumenyume, kweli, mtu mzima mwenye watoto, anapapasa ukuta. Mama akamwambia ageuke akae. Hakukuwa na kiti isipokuwa ukingo wa kitanda, kwa hiyo alipiga magoti chini, macho sakafuni. Kwa miaka yote ile ya ndoa yangu walikuwa hawajawahi kuwa karibu hivyo.

"Baba, ni wewe uliyekuwa unamwagilia?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Jua lile lote?"

"Lote. Maji yalikuwa na zebaki, mayu. Sikujua. Nisamehe."

Mama alitafuta pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli langu. Aliangalia bakuli, akaangalia kichwa cha mkwe wake kilichoinama.

"Mimi nakufa, baba," alisema. "Hiyo zebaki itanikuta wapi? Nilishe."

Mume wangu alinitazama. Nilitaka aseme hapana, nilitaka aseme ndiyo, sikujua ninachotaka. Nikampa bakuli. Wakwe hawalishani. Hilo halipo popote, hata wale walioacha mila hawafiki huko. Alichota nusu kijiko, mkono wake mwingine ukiwa chini ya kidevu cha mama pasipo kumgusa, akampelekea mdomoni kama anayempa mtoto mchanga. Mama alifumba macho.

Tulisubiri. Niliona koo lake linajaribu, linapanda, linasimama. Nikasema moyoni pita, pita, pita. Kisha kikohozi kikaja na vyote vikarudi kwenye kitambaa, vyekundu, na nikasikia sauti ikinitoka ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Mume wangu alitaka kuweka bakuli chini. Mama akamshika mkono, mkwe wake, akamshika kabisa, akauongoza tena kwenye bakuli. Safari hii hakujaribu kumeza. Aliliweka tunda kinywani, akalifyonza, akaliviringisha kwa ulimi, akatulia nalo kwa muda mrefu huku maji yake yakimshuka pembeni mwa mdomo nami nayapangusa. Halafu akatema taratibu. Akaomba tena. Akatema tena. Hakikushuka kitu, hata tone. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu alipoletwa, na mara moja alisema limeiva vizuri, kwa sauti ile ile ya zamani ya mwenye chungu.

Alipochoka alimwachia mume wangu mkono.

"Sasa kata mti," alimwambia. "Leo hii. Na haya mengine ufukie mbali. Watoto wasile."

Mume wangu akasema ndiyo, mayu. Mimi nikaanza kubisha. Nilisema tusubiri, tuulize watu wa afya, labda ukimwagiliwa maji safi mwaka kesho utajisafisha, mti wa baba huo, mti uliokaa mapajani mwako toka Kahama. Nilisema maneno mengi. Mama alimwangalia mkwe wake tu, na mkwe wake akasimama, akatoka uso ukimwelekea mama, si mgongo, akaenda kutafuta shoka. Muda si mrefu tukasikia pigo la kwanza nyuma ya jiko. Mti ule una moyo mgumu na mweusi, haukatiki kirahisi. Alipiga, akapumzika, akapiga. Jikoni wateja walikuwa wameshaondoka, wali unaungua, sikujali.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikampangusa mama mdomo, nikamgeuza mto, nikachukua bakuli niliondoe. Kulikuwa kumebaki kidogo, pamoja na kilichokuwa kwenye kijiko. Tangu atoke hospitali nilikuwa nikimaliza mabaki yake yote, uji, maziwa, kila alichoshindwa, sipendi kutupa chakula na pengine nilikuwa naona kwamba nikila mimi ni sawa na kala yeye. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilikuwa nalia, sikuwa nafikiri kitu, kijiko kikafika mdomoni.

Mkono wake, ambao ulikuwa haujainua hata kikombe cha maji kwa muda mrefu, ulinipiga. Ulinipiga kweli, kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu iliyonifanya niachie, na kijiko kikaruka kikaanguka sakafuni. Nilimtazama. Alikuwa anahema, macho yamemtoka kwa hasira, ile hasira yake niliyoirithi mimi.

"Nimesema watoto wasile," alisema. "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"